Mkopo wa mwani unaorudiwa kila msimu: faida yake inapimwaje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Micheweni, Pemba, naandika tasnifu juu ya wakulima wa mwani. Kikundi chao hukopesha kamba na mbegu kila msimu, na aliyevuna kidogo hutangulizwa kupewa msimu unaofuata. Nina data za misimu mitatu. Nikitia mavuno ya msimu uliopita katika rigresheni (hesabu ya kupima kitu kimoja kinavyokwenda na vyengine), faida ya mkopo inakuwa ndogo mno. Nikiyatoa, mkopo unaonekana unapunguza mavuno! Nifuate lipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Yote mawili yanakupoteza. Mavuno ya katikati, yaani baina ya mkopo mmoja na unaofuata, ni tunda la mkopo wa nyuma, na hayo hayo ndiyo yanayoamua nani apewe mkopo wa mbele. Ukiyaacha nje, unamlinganisha aliyekopa kwa kuwa ameharibikiwa na yule ambaye mwani wake ulikuwa mzuri tangu hapo. Ukiyatia, unaifuta faida ya mkopo wa nyuma iliyopitia humo humo.

Tena liko baya zaidi. Wachukue akina mama wawili waliovuna magunia matatu matatu, mmoja kwa mkopo, mwengine bila ya mkopo. Huyu wa pili huenda shamba lake liko pazuri: maji yanatembea, na hata bamvua kubwa haliukaushi mwani wake. Msimu ujao atavuna zaidi, na rigresheni itasema mkopo ndio uliomrudisha nyuma mwenzake. Kumwekea kila mkulima athari yake ya kudumu, yaani kumlinganisha na nafsi yake mwenyewe msimu kwa msimu, kama tulivyozoea wachumi kwenye data za paneli (watu wale wale wakipimwa mara kwa mara), hakutoshi, maana kunataka mavuno ya jana yasiguse mkopo wa kesho.

Fundo hili James Robins, mtaalamu wa takwimu za magonjwa, alilishughulikia mwaka 1986, akichunguza wafanyakazi wanaokutana na sumu kazini: anayeugua huacha kazi, kwa hiyo waliokaa sana huonekana wazima. Njia mojawapo iliyotokana na kazi yake ni ya uzito. Kwa kila msimu, kadiria uwezekano wa mtu kupata kile alichopata, mkopo au kukosa, ukiangalia mavuno na mikopo yake ya nyuma. Zidisha uwezekano wa misimu yote, kisha gawa 1 kwa jibu: huo ndio uzito wake. Aliyekopa kwa uwezekano wa 0.5, kisha 0.2, ana 0.1, anahesabiwa kama watu 10. Rigresheni ya mwisho unaiendesha kwa uzito huo, ndani yake mikopo tu.

Wachache wenye uzito mkubwa wanaweza kuburura jibu zima. Basi badala ya ile 1, weka uwezekano wa kupata kile kile alichopata, uliokadiriwa kwa mikopo ya nyuma peke yake, nao pia uuzidishe misimu yote. Wastani wa uzito huu mpya ukiwa mbali na 1, kagua modeli uliyokadiria uwezekano kwayo.

Lakini kabla ya kompyuta, nakuomba sana, kakae na katibu wa kikundi umuulize anayapangaje majina. Kama anaangalia pia ugonjwa, au nani ana vijana wa kumbebea magunia, nawe hukuyaandika, uzito haukuokoi. Na kama aliyevuka kiwango fulani hapewi kamwe, hana wa kulinganishwa naye: mtoe, swali lako liwahusu wale tu ambao kweli wangeweza kupewa au kukosa.