Bei na gharama si kitu kimoja

SWALI: Duka moja la vyombo vya umeme limeandika kwenye tangazo lake: "Gharama ya friji hii ni shilingi 850,000." Mwenzangu anasema ilipaswa kuandikwa "bei". Mimi naona ni mamoja. Nani yuko sahihi? Na ada ya shule, mbona wenzetu wa Kenya wanaiita karo?

JIBU: Mwenzako yuko sahihi. Friji iliyopangwa dukani ina bei. Bei ni kiasi anachokitaka muuzaji, au kile alichokubaliana na mnunuzi, ili mali imtoke huyu iende kwa yule. Gharama ni jumla ya fedha zinazomtoka mtu mpaka jambo lake litimie.

Mchukue fundi seremala anayetengeneza meza ndogo. Mbao amenunua kwa shilingi 45,000, misumari 3,000, vanishi 7,000, na mkokoteni wa kuzileta mbao amelipia 5,000. Shilingi 60,000 hizo ndizo gharama zake. Meza ikikamilika anaiuza kwa 85,000, na hiyo ndiyo bei. Sasa mteja akiinunua, akamlipa na wa bodaboda 5,000 ya kuifikisha nyumbani, kwake yeye meza imekuwa na gharama ya 90,000, ingawa bei haikubadilika. Kwa hiyo anayeandika "gharama ya meza ni 85,000" anamwacha msomaji njia panda: ni fedha alizotumia fundi, au anazotakiwa kulipa mteja? Katika hati ya mauziano au zabuni, utata wa namna hiyo huzaa ugomvi.

Sokoni hakuna anayekosea. Mtu huuliza "bei gani?", "unauzaje?" au "fungu shilingi ngapi?", wala hutasikia "gharama gani?" Kosa huanzia kwenye maandishi, hasa yanayotafsiriwa. Neno la Kiingereza "cost" hubeba maana zote mbili, na mfasiri mwenye haraka huchukua "gharama" kila linapotokea. Vivyo hivyo kwa mafuta ya gari: EWURA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti huduma za nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Ni bei, kwa sababu petroli inauzwa kwa lita. Mwenye daladala ndiye anayelia na gharama za uendeshaji: mafuta, matairi, matengenezo, bima.

Kitenzi kina uhuru zaidi. "Friji hii inagharimu shilingi 850,000" ni Kiswahili safi, maana kugharimu ni kumtoa mtu fedha. Ila usichanganye kugharimu na kugharamia. Kitu ndicho kinachogharimu. Mtu au taasisi ndiyo inayogharamia, yaani inayobeba malipo. "Daraja limegharimu bilioni 2, na serikali ndiyo iliyogharamia" ni sahihi. "Daraja limegharamia bilioni 2" ni kosa, na linajitokeza mara nyingi mno katika habari, haliwezi kufumbiwa macho.

Thamani nayo hutumika ovyo. Hilo ni neno la kukadiria: kitu kina uzito gani kifedha, kiwe kinauzwa au hakiuzwi. Polisi wakisema "mali yenye thamani ya shilingi milioni 3 imeibwa" wako sawa, kwa sababu hapakuwa na mauzo. Lakini "fedha taslimu zenye thamani ya shilingi milioni 3" ni maneno ya bure. Fedha ni kipimo chenyewe. Andika "shilingi milioni 3 taslimu". Hali kadhalika "hundi ya shilingi milioni 10" inatosha.

Tuje kwenye ada. Hapa hununui kitu. Unalipia huduma au haki ya kushiriki, kwa kiwango kilichowekwa na taasisi: ada ya mtihani, ada ya uanachama, ada ya leseni. Kwa asili ada ni desturi, na maana hiyo bado iko hai tunaposema "kama ilivyo ada". Tofauti yake na mchango ni muhimu kwa mzazi. Tangu Januari 2016 shule za msingi na sekondari za serikali hadi kidato cha nne nchini Tanzania hazitozi ada, na mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita navyo viliondolewa ada. Fedha ambazo wazazi hukubaliana kuzitoa, tuseme za chakula cha mchana, ni michango. Barua ya shule ikiandika "ada ya chakula" inavuruga jambo ambalo sera imelitenganisha.

Karo ya Kenya ni ada hiyohiyo ya masomo, na kamusi zinalitambua neno hilo. Si kosa, ni mazoea ya mahali. Kinachowachekesha baadhi ya Watanzania ni kwamba kwao karo ni shimo la majitaka. Upatanisho wa kisarufi huyatenga maneno haya: *karo ya shule imepanda*, lakini *karo la choo limejaa*, na wingi wake ni makaro. Ukiandikia wasomaji wa nchi zote mbili, "ada ya shule" haimpi mtu shida.

Malipo mengine yana majina yasiyobadilishana. Msafiri hulipa nauli, kwa hiyo "bei ya basi" ni ya anayetaka kulinunua basi lenyewe. Anayeingia uwanjani hulipa kiingilio. Kibarua hulipwa ujira. Tozo, kutoka kitenzi kutoza, lilikuwa neno la maofisini mpaka Julai 2021, tozo ya miamala ya simu ilipoanza Tanzania na kulifikisha kila kibanda cha wakala.

Neno la kuliangalia kwa makini ni kodi, kwa sababu linabeba mambo mawili: fedha ya serikali na fedha ya mwenye nyumba. Kenya hupunguza mkanganyiko kwa kuita ile ya serikali ushuru mara nyingi. Tanzania ushuru hubaki zaidi kwenye bidhaa, kama ushuru wa forodha na ushuru wa soko. Katika mkataba wa upangaji usiandike "mpangaji atalipa kodi zote za nyumba", maana kesho anaweza kudaiwa na kodi ya majengo. Andika "mpangaji atalipa kodi ya pango shilingi 200,000 kwa mwezi, kodi ya majengo italipwa na mwenye nyumba."