Dogo, usiandike "homoni" kwenye daftari

Nyie mnaokuja kujifunza kazi ya kufuata sokwe huku hifadhi ya Gombe, Kigoma, mkishuka tu kwenye boti ya kutoka Kibirizi mtaanza kusikia homoni, homoni, na mtaona mbona jambo jepesi, dume ana testosteroni ndo maana ana fujo, jike ana estrojeni ndo maana mpole. Mi mwenyewe nilikuja na akili hiyohiyo. Wiki ya pili nikaandika "dume, homoni zimepanda", kisa kasimamisha manyoya akaburuza tawi mpaka tukapisha njia. Kaka mmoja mzoefu akachukua daftari akaniuliza, umezionea wapi? Nikakosa la kusema. Akafuta, akaandika: saa 2:40 asubuhi, kasimamisha manyoya, kaburuza tawi hatua kama kumi, jike mwenye uvimbe yupo juu ya mti. Basi.

Ule uvimbe wa waridi nyuma ya jike, wa siku zake za kutaka dume, ndo homoni utakayoisoma kwa macho, estrojeni ikipanda unajaa, projesteroni, homoni nyingine ya kike, ikiingia unanywea, mzunguko mzima kama siku 36. Zingine zinatoka maabara, kwenye kinyesi unachookota wewe au mkojo unaoufyonza kwenye majani, kwaiyo andika saa jamani, testosteroni asubuhi huwa juu kuliko jioni. Kichupa changu kimoja hakikuwa na saa, kikatupwa, na nilikuwa nimemfuata mnyama tangu alfajiri kwenye mteremko unaoteleza kama umemwagiwa mawese.

Afu kilichonigeuza kichwa ni kwamba homoni haiamrishi tu, nayo inaamrishwa. Kule Kibale, Uganda, watafiti walikuta madume wenye cheo testosteroni yao iko juu, na inapanda majike waliokwishazaa wakivimba. Kwa watu pia, Tanzania hiihii, Wahadzabe ambao baba anashika sana mtoto mchanga, wenye watoto walikutwa na testosteroni ya chini kuliko wasio na watoto, ila kwa Wadatoga, ambao mtoto mdogo si kazi ya baba, tofauti hiyo haikuonekana. Sa hapo utasema homoni ndo imemfanya baba abembeleze, au kubembeleza ndo kumeishusha? Kichupa kimoja hakikujibu.

Na mchwa je? Hapa hapa Gombe, utafiti uliotoka 2004 ulionyesha watoto wa sokwe wa kike wanaanza kuvua mchwa kwa kijiti mapema kuliko wa kiume, zaidi ya miaka 2 mapema, sababu binti anakaa kichuguuni anamtazama mama yake mkono ukiingia ukitoka, kaka yake yuko pembeni anabiringika tu. Mi hiyo nimeiona mara nyingi na bado siwezi kukwambia kipi kimeletwa na damu na kipi kimeletwa na kutazama.

Siku mkienda mjini mtawakuta kina mama Kibirizi wanaanika dagaa, wanaume wanasubiri usiku waingie ziwani, na hatakosekana mtu wa kusema hata hiyo ni homoni. Mwambie alete kichupa, na saa iwe imeandikwa.