Wadogo zangu mnaorudia Kingereza, fungueni kwanza zile karatasi zenye wino mwekundu

Mitihani ikikaribia naona kitu kilekile. Mtu kakaa na daftari la Kingereza, kalamu ya rangi mkononi, ukurasa mzima umekuwa njano, anakariri nomino ni nini na kivumishi ni nini, vitu anavyovijua tangu madarasa ya chini. Na insha zake zilizosahihishwa ziko chini kabisa ya begi zimekunjwa, aliangalia maksi tu akazificha. Jamani inaniuma. Notsi ziliandikwa kwa ajili ya darasa zima, ila zile karatasi nyekundu zinakuongelea wewe peke yako.

1. Toa insha zako zote, chukua ukurasa mtupu, andika kila kosa ambalo mwalimu kalizungushia, alafu uyapange kwa makundi. Utakuta sio mengi kama ulivyoogopa, ni machache yanayojirudia kila insha. Mmoja tensi zinarukaruka, anaanza na walked aya ileile inaishia na walks. Mwingine ni koma. Rudia yako, ya mwenzako muachie mwenzako.

2. Grammar. Sisi tunaowaza kwa Kiswahili tuna makosa yetu ya ukoo, yanajulikana, na kila mwaka naona wapya wanayaanza upya kabisa. Mary told his mother, kwa sababu sisi tukisema "mama yake" hatuhitaji kujua huyo ni wa kike au wa kiume, mkono unaandika tu. Although he was tired, but he continued: "ingawa" na "lakini" kwetu zinakaa pamoja bila shida, Kingereza kinataka moja tu. He did not went, ilhali did ikishabeba wakati uliopita kitenzi kinabaki go. Kuna discuss about, wakati discuss haitaki about, kuna informations na advices, wakati hizo haziongezwi s. Hizi zikagueni kila mnapomaliza kuandika.

Koma inataka umakini zaidi. I was late, the teacher was angry: hizo ni sentensi mbili kamili na koma peke yake haina nguvu ya kuzishika. Weka nukta, au nukta mkato, au bakiza koma uongeze so. Na kiima kikiwa mbali na kitenzi usidanganyike na neno lililo karibu, The list of books is on the table, kilichopo mezani ni list.

3. Hadithi. Hapa ndo mnaponitoa roho. Wahusika, mandhari, ploti, mgogoro, dhamira, nani anasimulia, mnavitaja vyote bila kukosea, alafu swali likija mnasimulia hadithi.

Kuna kijana nilikuwa namsaidia, Kingereza chake kizuri kuliko wengi, spelingi safi, tensi zimetulia. Hadithi ya zoezi ilikuwa ya mvulana aliyeokota pochi, mwenye pochi anamjua, na nyumbani ana dada yake anaumwa hela ya dawa hakuna, mwisho anairudisha. Swali: How does the conflict reveal the boy's character? Kijana akaandika kurasa mbili. Aya ya kwanza, The story is about a boy who found a wallet. Ya pili inaanza Then, ya tatu After that, ya nne The next day, na mwisho In conclusion, the boy returned the wallet. Kurasa mbili nzuri kabisa na hamna sentensi hata moja iliyojibu swali. Maksi zikaja chini ya nusu, akanijia machozi yanamlengalenga, anasema mwalimu anamchukia.

Mwalimu hamchukii, mdogo wangu. Mwalimu hadithi keshaisoma, anachotaka ni wewe umwambie inaonyesha nini. Tukakaa nayo sentensi kwa sentensi. Kulikuwa na He hid the wallet under his bed. Nikamuuliza, kwa nini kaificha, si angeitumia palepale? Akanyamaza, akasema labda moyo ulikuwa unamsuta. Nikamwambia hicho ulichosema ndo ukiandike. Akaandika: By hiding the wallet instead of spending it, the boy shows that he is already ashamed of keeping it. Tukio ni lilelile la chini ya kitanda ila sasa linafanya kazi. Tukaenda hivyo mpaka hoja kuu ikatoka yenyewe: The boy's struggle between helping his sick sister and returning the wallet shows that his honesty costs him something. Hiyo mtu anaweza kubishana nayo. The boy found a wallet nani atabishana nayo? Mkitaka kujipima haraka, angalieni neno la kwanza la kila aya, mkikuta Then, Next, After that zimepangana basi mmesimulia.

Na ile piramidi ya ploti, mchoro wa hadithi inavyopanda mpaka kilele alafu inashuka, mnayoichora pande mbili sawasawa, jueni ni ya Mjerumani Gustav Freytag, aliitoa 1863 akieleza tamthilia zenye sehemu tano. Hadithi fupi nyingi kilele chake kiko karibu na mwisho, ukishuka kidogo tu imeisha. Msiikate hadithi ili iingie kwenye mchoro.

Msimulizi sio mwandishi, hata kama anasema I. Na ukichambua hadithi tumia wakati uliopo, the boy hides, shikilia hapo mpaka mwisho.

4. Nukuu iwe fupi, ikifuatwa na maelezo yako mwenyewe, usiitupe halafu ukahamia aya nyingine.

5. Fanya mazoezi kwa saa, na dakika za mwishoni ziache kwa kusahihisha. Soma kuanzia sentensi ya mwisho kurudi juu, ukisoma kawaida akili inajaza yenyewe pale palipokosekana neno. Nyumbani soma kwa sauti, ulimi ukikwama hapo pana kitu.

6. Tafuta mwenzako mbadilishane insha. Mwambie apige mstari chini ya hoja yako kuu bila kukuuliza. Akikosa kuiona usianze kumweleza kwa mdomo, yaani hapo ndo wengi mnapokosea, mnaeleza vizuri sana kwa mdomo na karatasi inabaki vilevile. Nyamaza, chukua karatasi yako, andika upya aya ya kwanza, alafu umpe tena.