Kabla Hujanunua Kiungo Kipya, Angalia Unavyounga

Ukiniuliza kwa nini chakula cha nyumbani kinachosha, sitakulaumu kwa kula maharage kila wiki. Shida ni kwamba kila wiki yanaungwa vilevile: mafuta, kitunguu, nyanya, karoti ya kukwaruza, chumvi, funika. Mchicha nao hivyohivyo, dagaa nao hivyohivyo. Mtu akichoka anakwenda dukani kununua kiungo chenye picha ya kuku kwenye pakti, anakinyunyizia mapishi yaleyale, na wiki inayofuata kimeshamchosha.

Mimi napikia familia hapa Dar es Salaam kwa pesa ya genge la jirani, na nikitaka ladha ibadilike nagusa kuunga kwanza.

Tuanze na kitunguu, maana hapo ndipo utamu mwingi hupotea. Wengi wetu tunamimina nyanya kitunguu kikiwa bado cheupe, kimelainika tu. Nyanya zimejaa maji. Zikishaingia, kukaanga kumekwisha na kuchemsha kumeanza. Kitunguu hicho hutakiona kikipata rangi tena. Kikate chembamba, kitie chumvi kidogo kitoe maji, weka moto wa wastani, geuzageuza mpaka kiwe cha kahawia. Inachukua kama dakika 15, si tatu. Kitunguu saumu na tangawizi vifuate baadaye, kwa sababu vinaungua upesi na vikiungua vinaleta uchungu. Halafu ndiyo nyanya, nazo zikaangike mpaka uone mafuta yanajitenga pembeni ya sufuria. Wifi yangu alionja maharage niliyoyaunga hivyo, akaniuliza, "Wifi, humu umetia nyama?" Hapakuwa na nyama wala supu yake. Ni kitunguu tu.

Najua gesi haishuki bei. Ndiyo maana nakaanga vitunguu vingi kwa mara moja, navitia kwenye kopo safi na mafuta yake, vinakaa friji. Katikati ya wiki nachota vijiko viwili, kazi imekwisha.

Maharage nayo nachemsha mengi, nagawa, sehemu nyingine naigandisha. Yaloweke usiku kucha, mwaga yale maji, na yakishabandikwa yaache yachemke kwa nguvu dakika 10 nzima kabla hujapunguza moto. Yale mekundu makubwa hasa yana sumu ambayo moto mdogo hauiui, na tumbo litakwambia. Nyanya, ndimu au ukwaju visiingie kabla hayajaiva, kwa sababu uchachu huyafanya yagome kulainika.

Kuanzia hapo chungu kimoja kinakupa mboga tofauti kabisa. Ukitaka ya nazi, karoti ikae pembeni, na nyanya isizidi moja. Pika maharage kwa tui jepesi, kitunguu na pilipili mbuzi nzima isiyopasuka, ili upate harufu yake bila kuwaliza watoto. Tui zito, kasimile, liingie mwishoni, na usifunike. Lipepee kwa upawa, uliteke na kulimimina tena mpaka lianze kutokota, la sivyo litakatika na utabaki na maji yenye chenga nyeupe juu. Mama mkwe wangu, mtu wa Kigoma, ananitazama tu nikihangaika kukuna nazi kwa mbuzi na kuchuja tui kwa kifumbu. Yeye anaunga maharage kwa mawese, kitunguu, chumvi na pilipili, basi. Nyanya hataki hata kuisikia. Kwa ugali, mimi nampa ushindi.

Siku ya chapati nayataka makavu kidogo, yenye binzari nyembamba, ile ambayo wengine wanaiita uzile, pamoja na giligilani ya mbegu. Hapa kuna jambo la kuzingatia. Harufu ya viungo hivi hutoka vizuri kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Ukivimwaga kwenye mchuzi unaochemka, unapata unga unaokwaruza koo. Vitie kwenye mafuta ya moto pamoja na kitunguu kilichokwisha kuiva, sekunde chache tu, kisha fuatisha nyanya. Nunua mbegu nzima, kaanga kwenye kikaango kikavu mpaka jikoni kunukie, twanga kidogo kidogo. Kilichosagwa zamani kikakaa dukani juani hubaki rangi tu.

Vile vidonge vya mchuzi sivichukii, navitumia siku za haraka. Ila vina chumvi nyingi, kwa hiyo onja kabla hujaongeza ya kwako. Na ukivitia katika kila sufuria, usishangae samaki na njegere kufanana.

Kitu kingine tunachokisahau ni uchachu. Mchuzi ukiwa umepooza mkono unakwenda kwenye chumvi, na mara nyingi chumvi inatosha. Kamulia ndimu baada ya kuepua, onja tena. Dagaa wanapenda ukwaju kuliko nyanya: watoe vichwa, waoshe kwa maji ya uvuguvugu mpaka mchanga uishe, wakaange wakauke, kisha rojo ya ukwaju na pilipili. Msimu wa maembe, embe bichi lililokatwa vipande kwenye dagaa wa nazi linatosha kuwanyamazisha wanaosema dagaa ni chakula cha shida.

Mboga za majani sina mengi. Mchicha usiuchemshe ukamwaga maji. Uingie kwenye kitunguu na maji yaliyobaki kwenye majani baada ya kuuosha, dakika chache, uepue ukiwa bado kijani. Leo karanga za kusaga, kesho nyanya chungu, keshokutwa tui.

Na usidharau cha pembeni. Kachumbari ya kitunguu kilichofikichwa kwa chumvi na kusuuzwa, yenye ndimu ya kutosha, inaupa ugali wa jana uso mwingine. Pilipili ya embe inakaa kwangu siku zote.

Maharage yanayobaki kidogo, yasiyotosha watu wote, nayaponda na binzari na kitunguu kibichi, nayafungia ndani ya chapati asubuhi. Wakiniuliza leo mboga nini, hayo siyataji kabisa; nawaambia kuna chapati.