Nimtoe shule asome nyumbani bila taimtebo?

SWALI: Habari Shangazi, niko hapa Free Area, Nakuru, nina watoto wawili, kijana ako gredi ya tatu na kasichana bado kananyonya. Mimi hushona nguo kwa nyumba na bwana yangu ni dereva wa matatu ya Eldoret kwa hivyo mchana wote ni mimi na hao. Huyu kijana kila asubuhi ya shule tumbo linamuuma, Jumamosi haliumi. Akiwa nyumbani ni mtu mwingine kabisa, juzi alifungua redio ya babake akatoa kila kitu ndani akarudisha na inaongea, ni skrubu mbili tu zilibaki mkononi. Sasa nimesoma vile kuna wazazi hawapeleki watoto shule na hata hapo nyumbani hawafundishi na silabasi, mtoto anafuata kile anapenda na anajifunza tu. Nimependa sana. Lakini mama mkwe amesema nikimtoa shule atakuja kumchukua amlee Njoro, na bwana yangu naye anasema nisimpeleke korokoroni. Hii kitu inafanya kazi kweli ama ni ya wazungu wenye pesa? – Mama Fundi

JIBU: Mama Fundi pole na hizo asubuhi. Wacha nianze na korokoroni manake bwana yako hajakosea. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inataka mzazi apeleke mtoto shule, usipofanya hivyo ni kosa la faini ama kifungo. Kuna wazazi walienda Mahakama Kuu wakitaka kusomesha nyumbani kukubaliwe, mwaka wa 2021 wakakataliwa, na kesi yenyewe ilianzia huku kwetu Magharibi, mzazi alishtakiwa Butere. Ziko familia Kenya hii zinasomesha watoto nyumbani na hakuna mtu amewabishia mlango, sikatai, lakini hao hawana mama mkwe ameshakasirika na anajua nyumba ya chifu iko wapi.

Sasa hiyo ya wazungu. Aliyevumisha haya mambo ni John Holt, mwalimu Mmarekani, alifunza darasani akaona watoto wako bize kutafuta jibu la kumfurahisha mwalimu na woga umewajaa hata kufikiri hawafikirii, na 1977 akaanzisha jarida la wazazi wanaoweka watoto nyumbani. Kwa hivyo hii si kitu ya watu wanachukia vitabu. Na pesa si lazima, ila masaa yako ndiyo yataenda. Watu husikia "mtoto anajisomea" wanadhani mama ameketi. Wapi! Mtoto akiuliza kwa nini spika ina sumaku ni wewe utatafuta jibu na cherehani imesimama na mteja anapiga simu.

Lakini wewe uko na kazi nzuri sana ya kufunzia. Mpe futi akupimie wateja, aandike mwenyewe kwa daftari, kiuno 28, urefu 25, jina la mteja, siku ya kuchukua. Muulize kitambaa cha mita tatu kitatoa sketi ngapi za huyo mama na kipande gani kitabaki, umwache akate karatasi ya gazeti kwanza. Siku sketi ya karatasi itakosa inchi mbili kwa sababu alisahau kuacha ya mshono, hapo atajua kujumlisha kuliko zile hesabu ishirini za homuweki. Na kama unataka kumtoa nje, Hyrax Hill, pale mahali pa mambo ya kale, iko hapo tu barabara ya Nairobi, Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alichimba hapo 1937, kuna mashimo ya bao yamechongwa kwa jiwe. Bebeni kete zenu, mchezo wote ni kuhesabu na yeye hatajua kama anasoma.

Sasa mahali mimi nasita ni huko mbele. Anaenda gredi ya sita, kuna KPSEA ya kumaliza msingi, gredi ya tisa kuna KJSEA ya kumaliza junia sekondari, na hiyo mitihani mtoto husajiliwa na shule. Kuna wenye hufanya ile ya Uingereza ya Cambridge kama watahiniwa wa kibinafsi lakini hiyo sasa ndiyo ya wenye pesa. Akifika miaka kumi na tano akuambie anataka kusomea umeme (na vile alifungua hiyo redio anaweza taka) utampeleka na karatasi gani?

Kwa hivyo mimi singemtoa saa hii. Ningetafuta kwanza hilo tumbo linaogopa nini, manake tumbo la kuuma Jumatatu mpaka Ijumaa si ugonjwa wa kawaida, kuna mtu ama kitu huko. Muulize mkiwa mnafanya kazi pamoja, usimkalishe kitako kama polisi. Ikiwa ni kiboko, sheria ileile ya 2013 inakataza kuchapa, nenda kwa mwalimu mkuu, na akikupuuza badilisha shule. Jioni na wikendi ni zako, na likizo pia manake tiusheni ya likizo nayo imekatazwa, usikubali walipishwe. Hapo fanya hiyo yako ya redio na futi mpaka uchoke. Huyo anayenyonya ndio usiguse kabisa, anajifunza kuongea bila taimtebo ya mtu.

SWALI: Shangazi mimi ni baba hapa Kondele, Kisumu. Kijana wangu wa miaka 12 amerudishwa nyumbani na shule ya serikali juu ya pesa, ni gemu kwa simu asubuhi hadi usiku. Mke wangu anasema tumwache, ati siku hizi watoto wanajisomea hivo. Ni ukweli? – Baba Kondele

JIBU: Aii baba, hapana. Wale wanaofanya hiyo kitu wamechagua na wako na mtoto siku nzima, huyu wako amefukuzwa. Shule ya msingi ya umma hairuhusiwi kulipisha karo ya masomo, kwa hivyo uliza hiyo pesa ni ya nini na uandikiwe kwa karatasi, halafu uibebe mpaka ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Nenda na kijana mwenyewe, na simu ibaki kwako.