Tulipima, tulikadiria au tulikisia mtiririko wa mvua?

SWALI: Katika ripoti yangu ya haidrolojia niliandika: "Tulipima mtiririko wa mvua katika bonde la mto. Nusu ya mvua hutiririka. Kasi ya mtiririko ilikuwa mita za ujazo 6.7 kwa sekunde." Msimamizi wangu amefuta "tulipima" akaandika "tulikisia". Nani kati yetu yuko sahihi?

JIBU: Kufuta amefanya vema. Neno aliloweka ndilo silikubali.

Anayepima lazima awe na kipimo mbele ya kitu chenyewe. Mvua inapimika kwa kipimamvua, na maji ya mto yanapimika pia. Lakini maji yaliyopita juu ya ardhi yakishaingia mtoni yamechanganyika na yale yaliyopenya udongoni na kuibukia chini zaidi, hivyo ukipima mto umepima yote mawili. Ndiyo maana wahandisi huchukua mvua iliyopimwa, eneo na aina ya ardhi, kisha wakapiga hesabu. Jibu linalopatikana namna hiyo ni kadirio. Kitenzi kadiria kimetokana na kadiri, yaani kiasi, kwa hiyo kina hesabu ndani yake. Kukisia hakudai hesabu. Mtu hukisia umri wa mgeni kwa kumtupia jicho tu. Najua wahasibu husema "makisio ya mapato" na hakuna anayewalaumu, ila katika ripoti ya sayansi msomaji atasikia kubahatisha. Andika "tulikadiria".

Msimamizi angeweza pia kugusa "mtiririko wa mvua". Mvua hunyesha, kinachotiririka ni maji. Hapa si suala la urembo wa lugha, maana hesabu nzima inasimama juu ya tofauti kati ya kilichoanguka na kilichotiririka. Sema "maji ya mvua yaliyotiririka juu ya ardhi", na baada ya hapo fupisha kwa "mtiririko juu ya ardhi". Usikate zaidi ukabaki na "mtiririko wa juu", kwani wengine wataelewa ni upande wa juu wa mto.

Bonde si kosa, na wataalamu wa maji hulitumia kwa mito mikubwa. Hata hivyo, msomaji wa kawaida akisikia bonde huona ardhi ya chini iliyo kati ya vilima, ilhali eneo unalolihesabu linaanzia huko huko juu kwenye migongo ya vilima ambako maji hugawana njia. Kidakio, kutoka kudaka, ndilo neno langu.

Sasa "hutiririka". Kiambishi hu- kinatangaza mazoea: jua huchomoza, maji huteremka. Ukisema nusu ya mvua hutiririka umetangaza kanuni, na kanuni hiyo haipo. Iko mbinu iliyobuniwa Marekani na idara ya kuhifadhi udongo, ambayo huipa ardhi namba isiyozidi 100 kulingana na udongo, mimea na matumizi yake. Chukua ardhi yenye namba 80. Mvua ya milimita 50 ikinyesha, mbinu hiyo inatoa mtiririko wa milimita 14 hivi. Ikinyesha milimita 100, mtiririko unafika kama 50. Mvua imeongezeka mara mbili, mtiririko zaidi ya mara tatu, kwa sababu ardhi hunywa kwanza kabla ya kuachia. Nusu yako ni ya mvua ile moja tu, basi sema "ilitiririka", utaje na mvua yenyewe.

Kosa lililonikera zaidi ni kasi, nalo nimelikuta hata kwa waandishi wazoefu. Kasi ni mita kwa sekunde, mwendo wa maji. Mita za ujazo kwa sekunde ni kiasi cha maji kinachopita mahali fulani kila sekunde. Mto mpana unaokwenda polepole waweza kupitisha maji mengi kuliko kijito chenye kasi. Tuseme mvua ya milimita 24 imenyesha kwa saa moja juu ya kidakio cha kilomita 2 za mraba: zimeanguka mita za ujazo 48,000. Nusu ikitiririka, ni 24,000. Zigawe kwa sekunde 3,600 utapata 6.7. Hakuna mahali katika hesabu hiyo tulipouliza maji yanakwenda mbio kiasi gani. (Hesabu hii inafaa vidakio vidogo, na mvua iwe imedumu hadi maji ya pembe ya mbali kabisa yafike mtoni.)

Ningeandika hivi: "Tulikadiria maji ya mvua yaliyotiririka juu ya ardhi katika kidakio cha mto. Katika mvua hiyo, nusu ilitiririka, na kiasi cha juu kabisa kilichopita kilikadiriwa kuwa mita za ujazo 6.7 kwa sekunde."

Na ukitaja vipimo, ni "mvua ya milimita 30" au "milimita 30 za mvua". "Milimita 30 ya mvua" haikubaliki.