"Bolti za injini" ni zipi hasa, na chuma cha pua ndo stenlesi?

Msomaji kauliza hivi: "Naandika maelekezo mafupi ya kutoa bolti zilizoshika kutu kwenye gari, kule kwenye injini, na kuweka za stenlesi. Sentensi yangu ya kwanza ilikuwa na neno stenlesi, rafiki yangu akanisahihisha kwamba hicho sio Kiswahili, niandike chuma cha pua. Sasa inasomeka: Toa bolti za injini zote za chuma, weka za chuma cha pua. Iko sawa? Na ni bolti hizi au mabolti haya?"

Nianze na pua maana hiyo ndo inasumbua watu wengi. Ukiacha pua ya usoni, kamusi inakupa pua ya pili ambayo ni chuma kigumu kilichoimarishwa, kile cha kutengenezea visu na zana, na ukienda kwenye mashairi ya zamani utamkuta ndugu yake anaitwa feleji, upanga wa feleji, nao ni ukoo huohuo. Hakuna popote hapo panaposema hakishiki kutu. Upanga wa feleji ukiachwa kwenye unyevu unaota kutu kama kawaida! Sasa ile bolti iliyokuja na gari, yenye namba ya nguvu 8.8 imeandikwa kichwani, imetengenezwa na nini? Pua hiyohiyo. Kwahiyo sentensi yako ilivyo inamwambia mtu atoe pua aweke pua.

Rafiki yako simlaumu sana, kwenye masufuria na masinki utakuta "chuma cha pua" kimeandikwa kila mahali kwa maana ya stenlesi na hakuna anayepotea, sababu sinki ni sinki. Ila kwenye bolti aina mbili za pua ziko kwenye kisanduku kimoja na kazi zake ni tofauti, hapo neno linatakiwa lizitenganishe. Mi ningeandika stenlesi tu. Limeshakaa Kiswahili, linaishia na irabu, linakubali "za" bila shida, na fundi yeyote ukimtamkia anajua unataka nini.

Kama hulitaki kabisa basi kuna "chuma kisichoshika kutu", lakini hapo chunga upatanisho, manake silabi mbili tatu zinabadilisha mali. Ukiandika "bolti za chuma zisizoshika kutu", zi-si-zo inarudi kwa bolti, yaani bolti zenyewe hazishiki kutu kwa sababu yoyote ile, inaweza kuwa ni chuma cha kawaida kilichopakwa zinki na zinki ikiisha kutu inaingia. Ukiandika "bolti za chuma kisichoshika kutu", ki-si-cho inakwenda kwa chuma, kwamba sifa iko ndani ya madini yenyewe. Na stenlesi ndivyo ilivyo kweli, ina kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, hiyo kromiamu ikikutana na hewa inajijengea ngozi nyembamba isiyoonekana ambayo hata ukiikwangua inajiziba upya. Kwahiyo ki-si-cho, sio zi-si-zo.

(Na wale watakaosema stenlesi nayo hushika kutu, ni kweli, chumvi inaitoboa, ndo maana kuna daraja la A2, la kawaida, na kuna la A4 lililoongezewa metali ya molibdenamu ya kuhimili chumvi. Lakini jina la kitu halina kazi ya kukiapia.)

Kosa linalonitisha zaidi lakini ni "bolti za injini". Hiyo "za" yetu imebeba mizigo mingi mno, inaweza kuwa bolti zinazoiunga injini yenyewe, za silinda hedi (kile kichwa kinachofunika silinda kwa juu), za kushikilia injini kwenye bodi, na inaweza kuwa bolti zilizopo tu maeneo ya injini, za kufunga treyi ya betri, boksi la filta ya hewa, madigadi, vibano vya nyaya. Wewe ukiandika unawaza hizi za pili, msomaji anaweza akashika za kwanza, na bolti za hedi hazibadilishwi na stenlesi kwa ajili ya kung'aa, hata siku moja. Stenlesi ya kawaida imeandikwa A2-70, hiyo 70 maana yake inahimili newtoni 700 kwa milimita ya mraba ndo ikatike, wakati bolti ya pua yenye 8.8 inafika 800 na yenye 10.9 inafika 1000. Umeona, namba ya nguvu inashuka. Halafu ukaongeza na "zote"! Injini zote au bolti zote? Nomino zote mbili ni ngeli moja ya i-/zi-, "zote" inaangukia popote. Andika "bolti za kwenye boneti", au "zilizo chini ya boneti", na uzitaje ni za nini. "Chumba cha injini" nacho nimeona watu wanaandika, sio kosa, ila kinanukia meli.

Bolti au mabolti, hiyo fupi. Mtaani mabolti yanasikika sana na hasa yakiwa makubwa, ila kwenye maandishi baki na bolti hii, bolti hizi, sawa na nati na skrubu. Parafujo ukipenda itumie kwa skrubu, bolti ya nati usiiite parafujo.

Kingine hukuuliza lakini utakifikia ukiendelea kuandika: bolti isiyofunguka tumezoea kusema "imeshika kutu". Kwa stenlesi hiyo itamdanganya msomaji kwa sababu stenlesi kwa stenlesi zinaweza kung'ang'aniana treadi kwa treadi, yaani ile mizunguko ya bolti na nati, wakati unakaza, siku ileile, bila chembe ya kutu, na ukizidi kulazimisha inakatikia ndani. (Kauli ya kutendea hapo inafanya kazi nzuri: bolti iliyokatika unaiokota, bolti iliyokatikia ndani unaitafutia drili.) Basi sema "imeng'ang'ania" au "imejam", na kutu uiachie kutu. Kama kuna bolti ya stenlesi inayoingia kwenye alumini, hapo anayeliwa ni alumini, kwahiyo usiandike "bolti imeliwa", andika "tundu limeliwa", na hiyo inatokea hasa maji yakiingia katikati yao.

Sentensi yako ningeipanga hivi: "Toa bolti zilizoshika kutu chini ya boneti, yaani za treyi ya betri, boksi la filta na madigadi, weka za stenlesi za kipimo kilekile. Paka grisi ya kuzuia kung'ang'ania kwenye treadi, kaza taratibu kwa mkono kwanza. Bolti za silinda hedi, za kushikilia injini, za breki na za stelingi usiziguse."

Na ukifika kwenye ule mviringo bapa unaokaa chini ya kichwa cha bolti, andika "weka washa chini ya bolti", usianze sentensi kwa "Washa" maana karibu na neno injini mtu atapeleka mkono kwenye funguo.